Bok-rye na Mlango wa Mwaka Mmoja

Sokoni kwetu Daejeon hakuna anayeitwa kwa jina lake. Mimi nauza dagaa wakavu, basi ni Mama Dagaa, na hata marehemu mume wangu aliniita hivyo mbele za watu. Jirani yangu wa meza ya kushoto aliitwa Tteok, kwa sababu ndicho alichouza: mikate ya mchele ya mvuke, myeupe ya harusi, yenye maharage mekundu ya kufukuzia nuksi, na ile inayopangwa mezani siku za kuwakumbuka wazee waliotangulia. Nilikaa naye bega kwa bega miaka kadhaa kabla sijajua kwamba ni Pyo Bok-rye. Sioni aibu kulisema hilo. Ndivyo tulivyo.

Watu wa magazeti walipokuja baadaye waliandika kwamba ni mwanamke jasiri aliyesimama mbele ya mila za karne nyingi. Jasiri gani? Akiona panya alikuwa anapanda juu ya meza yangu na viatu. Yaliyompata yalianza kwa kosa dogo, nalo ni kosa la watu wa sokoni: alimpenda mtu kabla ya kumwuliza jina la ukoo.

Mtu mwenyewe alikuwa Makaa. Alituletea makaa ya mawe kwa gari lake la magurudumu matatu, na majira ya baridi yale, mwaka 1988 ukiingia 1989, alikuwa akifika kwa Tteok anachelewa kuondoka. Anapanga mkaa, anawasha jiko, anachuchumaa anapuliza.

"Makaa," nilimwambia siku moja, "huo moto umewaka tangu alfajiri. Unapuliza nini?"

"Nauangalia tu usizimike, Mama Dagaa."

"Moto upi?"

Soko zima lilicheka, na Tteok akajificha nyuma ya mvuke wa sufuria zake.

Siku aliyokuja kuposa alivaa koti safi, akasimama mbele ya meza kama mteja asiyejua anachotaka. "Tteok, nataka kwenda kwa baba yako. Nikifika nimwulizie mzee nani?"

"Mzee Pyo."

Akacheka. "Acha utani. Pyo ni mimi."

Hapo nikaacha kupanga dagaa wangu. Wangekuwa akina Kim ingekuwepo nafuu, maana Kim wana mashina mengi, kila shina na mji wake wa asili, na huenda kila mmoja katoka kwake. Pyo ni wachache, nao karibu wote ni tawi la mti mmoja.

"Pyo wa wapi?" akauliza Makaa polepole.

"Wa Sinchang. Kuna Pyo wa wapi tena?"

Makaa akakaa chini. Alikalia gunia langu la dagaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwambia mtu ainuke.

Kwetu, wenye jina moja na shina moja ni ndugu, hata kama babu zao waliagana miaka mia sita iliyopita. Hilo lilikuwa mila, na mila ukiwa na ubishi utaishi nayo. Lakini liliandikwa pia kwenye sheria ya ndoa: hawaoani, na ofisi ya kata isiwaandikishe. Walikuwepo wengi waliokwisha kuishi pamoja hivyo hivyo na kuzaa, basi kila baada ya miaka kumi hivi Bunge liliingiwa na huruma, likafungua mlango kwa mwaka mmoja. Walio nje wanaingia, wanaandikishwa, mlango unafungwa. Ulifunguliwa mwaka 1978, ukafunguliwa mwaka 1988. Ulipofungwa mara ya pili, hawa wawili walikuwa bado wanapuliza moto.

Nilikwenda nao kwa baba yake kama mshenga. Mzee Pyo aliishi nje ya mji, mtu wa vitabu vya kale, mkavu kuliko bidhaa yangu. Tulimkuta ameketi upande wa chumba wenye joto, ambako sakafu hupata moto kwanza na ambako hukaa mkubwa wa nyumba. Akamwuliza kijana jina.

"Pyo Se-gyeong."

Mzee akafumba macho. Kwetu kila kizazi cha ukoo kina silabi yake kwenye majina ya wanaume, na mtu kama yeye hahitaji kufungua kitabu. Baba mzazi wa mzee huyo naye alikuwa wa silabi ya Se. Alisimama, akahamia upande wa baridi karibu na mlango, akamwonyesha Makaa pale alipoinuka.

"Kaa pale."

"Mzee, siwezi kukaa—"

"Wewe ni wa kizazi cha baba yangu. Ni baba yangu mdogo. Kaa."

Makaa hakuwa hata na miaka thelathini. Alikaa penye joto akitokwa jasho, na mzee mwenye mvi akamwinamia kwa heshima zote. Kisha akanigeukia mimi. "Mshenga, umeniletea baba mdogo aje aniombe binti? Binti ambaye akimwamkia anapaswa kumwita babu?"

"Mzee, sokoni hatukujua."

"Sokoni hamjui mengi. Kumfukuza siwezi, ni mkubwa wangu. Kumpa siwezi, sheria ni msumeno."

Na tangu siku hiyo hakumsemesha Makaa tena. Angemsemesha, ingembidi amwite baba mdogo. Kumwita mkwe, ulimi ulikataa. Kwa hiyo hakumwita chochote.

Wakaishi pamoja. Harusi tuliwafanyia sisi sokoni, na bibi harusi alijipikia mikate yake mwenyewe. Kwa masihara, sisi ni mabingwa. Asubuhi ilikuwa haipiti bila mtu kuuliza, "Tteok, babu kaamka?"

"Kaamka, anatafuta meno yake."

"Mpe uji basi, asije akafa akakuachia urithi wa mkaa."

Alijibu kila mmoja na kucheka, na usiku, aliniambia siku nyingine, alilia. Mwaka 1990 akazaliwa Bo-ram. Kwenye daftari la serikali mtoto aliingizwa kwa baba, kama mtoto wa nje ya ndoa. Bok-rye mwenyewe alibaki kwenye daftari la mzee Pyo, mwari asiyeolewa. Nyumba moja, sufuria moja, karatasi mbili.

Sasa niseme juu ya mahakama, maana bila hiyo ningekuwa nahadithia umbea tu.

Juni ya 1987 vijana walijaa barabarani wakitaka kumchagua rais wenyewe. Polisi walirusha moshi wa machozi ukaingia hadi sokoni. Dagaa wangu walinuka mwezi mzima. Bok-rye, bado msichana, alificha wanafunzi chini ya meza yake akawapa vitambaa vilivyolowa. Serikali ikasalimu amri, Katiba ikaandikwa upya, tukaipigia kura. Sisi tulichotaka ni rais wa kura zetu. Mahakama mpya ya Katiba iliwekwa pembeni tu, kama kile kisahani cha figili kinachokuja mezani bila kuagizwa. Hakuna sokoni aliyeigusa.

Aliyetufumbua macho ni wakili Chae, mwanamke mfupi wa kutoka Seoul, ofisi ya kuwasaidia wanawake. Alikuja mwaka 1995 akitafuta wanandoa wa jina moja walio tayari kwenda mahakamani. Alikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, anakula mkate wa Bok-rye, anaeleza.

"Majaji wetu waliwahi kuwa na uwezo wa kutupa sheria mbovu," alisema. "Mwanzoni mwa miaka ya sabini waliutumia mara moja. Waliosema sheria ile ni mbovu hawakurudishwa vitini. Baadaye ikaundwa kamati ya Katiba. Ilikaa miaka na miaka, haikuamua hata shauri moja."

"Walikuwa wanakunywa chai?" niliuliza.

"Hata hiyo sina hakika. Uwezo ni kama kisu, Mama Dagaa. Kikikaa kabatini ni chuma tu. Hii mahakama mpya imeanza kukata. Kesi ndogo, kesi kubwa, na kila serikali inapotii, makali yanazidi."

Bok-rye alikuwa akikata mikate, hakuinua kichwa. "Kama wana kisu, kwa nini hawaikati hii ya kwetu?"

"Hawaruhusiwi kujiendea, mdogo wangu. Sheria inaweza kuwa mbovu miaka hamsini, wao wamekaa wanaitazama. Lazima mtu aliyeumizwa nayo agonge mlango."

"Na akishagonga?"

"Asiondoke mlangoni mpaka wafungue."

Basi wakagonga. Walikuwa jozi kadhaa, kila moja imekataliwa kwenye ofisi ya kata yake. Wakaenda mahakama ya familia, na jaji wa huko akasema hata yeye ana shaka na kifungu hicho, akakipeleka kwa wenye kisu. Ikawa kungoja.

Na katikati ya kungoja, mwaka 1996, Bunge likaingiwa tena na huruma. Mlango ukafunguliwa wa mwaka mmoja.

Makaa alikuja mbio sokoni akiwa na gazeti, uso mweusi kwa vumbi, meno meupe. "Mama Bo-ram! Funga meza, twende kata."

"Na kesi?"

Wakili aliulizwa kwa simu. Hakuficha: ukishaandikishwa huna tena cha kulalamikia, kesi yako inaishia hapo. Hakumshawishi abaki, wala hakumlaumu yeyote aliyeingia. Wengine waliingia, na walifanya vizuri, walikuwa na watoto.

Bok-rye akasema atafikiri. Alifikiri masika yote, akafikiri kiangazi chote, na mimi kila siku namchamba. "Unangoja nini? Ukipewa kibali cha kupita, unapita. Huulizi lango limejengwa na nani."

"Naangalia, dada."

"Angalia, angalia. Bo-ram anaingia shule Machi. Majaji wakisema hapana, na mlango umefungwa, utamwambia nini? Kwamba mama yake alikuwa anaangalia?"

Akainamia unga wake akakanda kwa nguvu, na nilijua nimempiga penyewe.

Kisha, siku za mavuno, ikaja oda ya harusi kutoka kwa binti mmoja Kim: mikate myeupe trei kwa trei. Bok-rye aliamka na mbalamwezi akapika. Ilipokuwa tayari, binti akaja mwenyewe, peke yake, kusema haitatumika. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa wameulizia shina lake. Wote wawili Kim wa Gimhae. Watu wa shina hilo ni mamilioni. Ukirusha jiwe sokoni kwetu utampiga mmoja, na wa pili atalalamika.

"Mbona mlango uko wazi mwaka huu," nilimwambia yule binti. "Nendeni mkaishi pamoja mkaandikishwe."

"Ni kwa waliokwisha kuishi pamoja, mama. Sisi tulitaka kufuata utaratibu. Wazazi wake wamesema tungoje mlango ujao." Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Nitakuwa na miaka mingapi?"

Bok-rye akamvutia kigoda. Wakakaa wawili hao wakaanza kula mikate ya harusi, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawatilia chai ya shayiri. Binti alikula kama mtu aliyepewa kazi. Iliyobaki tuliigawa soko zima, na sikumbuki mtu aliyesifia utamu wake.

Jioni hiyo Bok-rye alimwambia mumewe hapiti. Sikutega sikio, ukuta wa kibanda chetu ni turubai.

"Wapo wengine wanaogonga," Makaa alisema. "Waache wagonge. Sisi tuna mtoto."

"Kila mmoja akisema wapo wengine, pale mlangoni atabaki nani?"

"Tukishindwa?"

"Tutakuwa tumeshindwa."

"Ni rahisi kwako kusema. Kwenye karatasi wewe ni mwari. Mimi ndiye mwanamume aliyezaa nje."

"Ndiyo maana sitaki huruma yao!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Kila miaka kumi wanafungua zizi wanatuhesabu, wanafunga. Mimi si mbuzi, Se-gyeong. Sikukosa kitu. Nataka mtu mwenye uwezo huo aseme sikukosa kitu."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina mbele zetu. Makaa akatoka, akapita mbele ya meza yangu bila kuniona. Siku kadhaa alishusha mkaa akaondoka bila kuwasha jiko. Kisha nikamwona tena amechuchumaa anapuliza jiko lililokwisha kuwaka, nikajua kakubali.

Desemba ikaisha, mlango ukafungwa. Machi Bo-ram akaanza shule na begi jekundu. Haikupita wiki akarudi kuuliza kwa nini mwalimu ameona baba peke yake kwenye karatasi, na mama yuko wapi. "Mama yuko hapa anakupikia," Bok-rye alimjibu. Mtoto akaridhika. Mama yake hakuridhika, aliunguza sufuria nzima ya maharage siku hiyo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mahakama ilitoa uamuzi katikati ya Julai. Nilifunga meza nikaenda nao Seoul. Nje ya geti walijaa wazee wa mila kutoka kila mkoa, kanzu nyeupe, kofia nyeusi za singa za farasi, katika joto lile la kukamua nguo. Walibeba mabango kwamba taifa linageuka kuwa la wanyama. Mstari wa mbele, wima kama msumari, alikuwepo mzee Pyo.

Binti alimwendea akamwinamia. "Baba, umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Jua kali. Sogea kivulini."

"Nimekuja kusimama, sikuja kupunga upepo. Ingia huko ulikoitwa." Makaa naye akainama. Mzee alitazama juu ya kichwa chake, kwenye miti.

Ndani, hata sikuelewa yote yaliyosomwa. Nilielewa haya: kifungu kile hakipatani na Katiba. Kinamvunjia mtu utu wake na haki ya kuitafuta furaha yake, na hakiwatendei watu kwa usawa. Kisitumike tena kuanzia leo. Bunge likirekebishe kabla ya mwisho wa mwaka ujao, lisipofanya kitakufa chenyewe. Majaji wawili hawakukubali, wengine wote walikubali. Wakainuka wakaenda zao, kama watu waliomaliza kazi ya siku. Makaa alilia waziwazi. Bok-rye aliniuliza, "Dada, wamesema?" Nikamwambia wamesema. Akaniuliza tena.

Tulipotoka, wazee walikuwa wanapiga kelele na wengine wameketi chini wanalia. Mzee Pyo hakulia. Alimngoja binti yake afike karibu.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi, baba."

"Mimi sikufurahi," alisema, akaenda kupanda basi la wenzake.

Kata haikuwaandikisha siku hiyo. Karani alisema anangoja maelekezo kutoka juu, na yalipofika, Julai ilikuwa inaisha. Kuandikisha ndoa kunataka mashahidi wawili wenye mihuri yao. Wa kwanza nilikuwa mimi, sikuruhusu mtu mwingine kupewa nafasi hiyo. Wa pili alikuwa awe muuza tambi, naye, kama kawaida yake, amechelewa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, Bo-ram katikati, mlango wa ofisi ukasukumwa akaingia mzee Pyo na kanzu yake nyeupe.

Bok-rye alisimama. Nadhani aliogopa kwamba amekuja kuzuia, maana alimshika mtoto mkono.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwa karani. "Karatasi ya hawa iko wapi?" Akapewa. Aliisoma yote, akiifuata kwa kidole, hata maandishi madogo ya chini. Kisha akatoa mfuko wa hariri, na ndani ya mfuko muhuri wake.

"Baba," Bok-rye alisema.

"Nimekwambia miaka yote sheria ni msumeno. Sikusema ukate upande wangu tu." Akageuka, akamtazama Makaa usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya chumba chenye joto. "Baba mdogo, sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Makaa akasogea. Mzee akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. Bok-rye alijifunika uso kwa mikono miwili akalia mbele ya makarani wote, na mimi, ambaye hulia kwa vitunguu tu, nilimsaidia. Bo-ram akauliza kama sasa mama yuko kwenye karatasi. Karani akamwambia ndiyo, yuko, na yeye mwenyewe ataandikwa upya pamoja nao.

Mzee hakubadilika. Bunge lilijikongoja hadi mwaka 2005 ndipo likayafuta maneno yenyewe kitabuni, na kwa miaka hiyo yote, kila wenzake walipoitana kwenda Seoul kupiga kelele, alikwenda, mpaka miguu ikakataa. Lakini alipitia sokoni kwanza. Bok-rye alikuwa tayari amemfungia mikate, ya kumtosha yeye na basi zima. Anapokea, anamgeukia mkwewe aliyechuchumaa mbele ya jiko.

"Baba mdogo, naenda kukupinga."

"Safari njema, baba," Makaa anamjibu, na kuendelea kupuliza.